Mwaka Tuliokanda Sufu Dongobesh

Nilifika Gitting siku ya pili ya msiba, mchana, nikiwa nimechoka kuliko safari yenyewe ilivyochosha. Veronika alikuwa ameshazikwa jana yake. Ujumbe wa simu ulinikuta mahali pasipo na mtandao, na nilipoupata ilikuwa imebaki kwenda kukaa na watu tu. Walinionyesha kaburi, udongo ungali mbichi, nikasimama pale kwa muda unaotakiwa, kisha nikaenda jikoni nikapewa kisu na beseni la viazi. Msiba nauweza hivyo. Mtu mwenye kisu mkononi haulizwi kama amelia au hajalia. Tulikuwa wanawake saba au wanane kwenye banda la kupikia, moshi umetanda, na karibu wote walikuwa wa upande wa mume wa marehemu, ambaye naye alitangulia miaka michache nyuma. Mimi hawakunijua. Walichojua ni kwamba nimetoka Dongobesh, na hilo ndilo lililoleta maneno.

Wifi mkubwa wa Veronika, mama mmoja mzima aitwaye Tereza, alikuwa anasonga ugali kwenye sufuria kubwa, na msichana aliyemshikia sufuria akasema mbona una madonge. "Basi huu ni wa marehemu," Tereza akasema. "Wa fundi wa Dongobesh." Wakacheka, kicheko cha watu waliokesha, hakikuwa na ubaya. Nikauliza fundi wa Dongobesh ndiyo nini. "Ni jina lake, mama, tulimpa tangu alipoletwa hapa bibi harusi," mwingine akanijibu. "Alikuwa anajifunza kufuma huko kwenu, wakamfukuza. Alishindwa kuchemsha maji." Tereza akaongeza bila kugeuka: "Akiunguza maharage, haya fundi. Akimwaga maziwa, haya fundi. Wala hakuwa anajibu. Alikuwa mpole sana yule mtu." Nikaendelea kumenya. Kiazi nilichokuwa nacho nilikimenya mpaka kikabaki kama yai la njiwa, na jirani yangu akanitazama, akadhani ni majonzi. Hakukosea sana. Lakini jina lile sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo, na mtu pekee aliyekuwa hai pale mwenye kujua kwamba ni jina la uongo nilikuwa mimi.

Mwaka ninaousema una zaidi ya miaka thelathini sasa. Tulikuwa wasichana wawili kwa Bi Rukia, Veronika na mimi, wote tumemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani miaka miwili bila la maana. Bi Rukia alikuwa mjane mwenye duka la vitambaa pale Dongobesh, baba yake Mrangi, mama yake Mnyiramba, na akiulizwa kabila alisema, mimi ni mtu wa hapa barabarani. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kirefu chenye dirisha moja, na humo ndimo tulimofanya kazi, tulimokula na tulimolala, kitanda kimoja wawili. Nikifunga macho bado nakiona kama nimekitoka asubuhi hii: magunia ya sufu upande wa ukutani, meza ya mbao iliyovimba kwa maji, jiko la mkaa, kamba nne zimevuka chumba zimetundikwa kofia na soksi zinazochuruzika. Kilinuka kondoo aliyelowa mwaka mzima. Nguo zetu zilinuka hivyo, na mkate pia. Jumapili kanisani watu walituachia nafasi kwenye benchi, na Veronika akaninong'oneza, "Angalia, tumeheshimiwa."

Kazi yenyewe ilikuwa ya baridi na ya watu wa baridi. Wageni hudhani Tanzania yote ni joto, lakini mtu aliyepita Dongobesh mwezi wa saba, upepo unashuka na ukungu haujui saa za kuondoka, hawezi kudhani hivyo tena. Tulifuma kofia, skafu, soksi na glovu kwa sindano ya kroshia, kwa sufu tuliyoiosha, tukaichana kwa brashi mbili za waya na kuisokota wenyewe. Bi Rukia aliujifunza ufundi huu kwa mama mmoja wa kigeni aliyewahi kukaa Mbulu, na kitu alichokithamini kuliko vyote ni kukanda. Kofia ilifumwa kubwa mno, kubwa kama kikapu, kisha ikatiwa kwenye maji ya moto na sabuni ya mche, ikasuguliwa na kukandwa kama unga wa chapati mpaka nyuzi zishikane, isinyae, iwe nzito isiyopitisha upepo. Ikavalishwa kibuyu ili ipate umbo, ikaanikwa. Ukiitazama baada ya hapo huoni tena mahali sindano ilipopita. Mimi nilikuwa mzuri wa sindano. Kukanda nilikuwa wa kawaida tu. Veronika ndiye aliyekuwa na mikono. Angeweza kufumba macho akasema, hii bado, hii tayari, na Bi Rukia akipima kwa kamba yake anakuta ni kweli.

Tulikula kande siku nyingi, mahindi na maharage, pengine na maziwa ya mgando kama mama wa jirani ameleta. Ramadhani ilipoingia Bi Rukia alitupikia mchana kama kawaida na kutufungia mlango ili tule bila aibu, na jioni tulifuturu naye, uji wa pilipili manga, viazi vitamu, tambi za sukari. Veronika alimwambia, "Bi Rukia, na mimi leo nimefunga." Bi Rukia akamuuliza mpaka saa ngapi. "Mpaka saa nne asubuhi, nikaona nimejitahidi." Bi Rukia alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nayaandika haya kwa sababu watu wanaposikia nilichofanya watadhani tulikuwa hatupendani, au nyumba ilikuwa ya shida. Haikuwa. Sijawahi kuishi mahali pazuri kuliko pale.

Ukuta kati ya chumba na duka ulikuwa wa mbao, na kila kilichosemwa dukani tulikisikia. Siku moja mwezi wa tano mama mmoja mfanyabiashara kutoka Arusha, aliyekuwa akinunua kofia chache chache, alikuja kuagiza nyingi, kofia arobaini na glovu zake, za watu wanaopanda milima. Alitaka nyeupe tupu. Tukaacha kusokota, tukasikiliza. Baada ya kukubaliana, yule mama akauliza habari zetu. "Wasichana wako hawajambo?" "Wazuri wote," Bi Rukia akasema. "Mmoja ana mikono, mmoja ana mdomo. Lakini siwezi kuwalisha wawili daima. Kazi yako ikiisha nabaki na mmoja awe fundi wangu, ndiye atakayefundisha wengine. Mwingine atarudi kwao." Mama wa Arusha akasema, "Wa mikono, bila shaka." Bi Rukia hakujibu, au kama alijibu alitikisa kichwa. Veronika alinitazama akatabasamu, akanipiga bega. "Huenda anahitaji mdomo," akasema. "Dukani kuna wateja wabishi."

Kwake yeye jambo lile lilikuwa zito kuliko kwangu. Aliniambia mtoni, tukiosha sufu, miguu imekufa ganzi majini. Kulikuwa na mtu wa Gitting aliyekuwa ameshapeleka watu kumposa kwa baba yake Veronika. Baba alikubali kusubiri kwa sharti moja: kama Veronika atapata kazi ya kudumu kwa Bi Rukia, basi aachwe, na kama atarudi nyumbani, harusi ifungwe mwaka huohuo. "Ni mtu mbaya?" nikamuuliza. "Simjui," akasema. "Nimemwona mgongo tu, anafunga ng'ombe. Mgongo ni mzuri." Tukacheka. Kisha akasema kwa sauti nyingine, huku anakamua sufu, "Yusta, mimi nataka kubaki na kazi hii. Sijui kusema vizuri. Nikikanda naona niko mahali pangu." Nikamwambia atabaki tu. Kwangu hakukuwa na mchumba wala sharti. Kwangu kulikuwa na shamba na ng'ombe na mama yangu, na kama ningerudi ningepokewa. Nilichokuwa nacho ni uvivu wa kurudi na hofu ya kuonekana nimeshindwa. Hayo mawili tu.

Mwezi wa sita sufu nyeupe ilikuwa inakwisha, na Bi Rukia akanituma juu kuichukua. Kondoo wa sufu si wengi huku kwetu. Kondoo wa kienyeji ana manyoya mafupi na mkia wa mafuta. Wale wa sufu walikuwa kwenye nyumba tatu tu, juu matutani, mbegu iliyoachwa na wazungu wa zamani. Niliazimwa punda, nikaenda. Nyumba ya kwanza walinipa sufu nzuri. Ya pili walikuwa wamenyoa kidogo, lakini walinikaribisha motoni, wakanipa viazi na maziwa, manyunyu yakaanza. Nyumba ya tatu ilikuwa ng'ambo ya bonde, na kutoka mlangoni niliuona moshi wake. Nilikaa pale motoni nikiutazama ule moshi. Nimewahi kutafuta sababu kubwa kuliko hii na sijaipata. Nilikuwa nimechoka, miguu imelowa, na maziwa yalikuwa ya moto. Nilipoinuka nilimgeuza punda kuelekea chini.

Gunia lilikuwa halijajaa hata nusu, na ningefikaje nalo hivyo kwa Bi Rukia. Njiani kulikuwa na nyumba ya mjomba wangu. Kwake kulikuwa na ngozi kadhaa za kondoo zimeanikwa, kondoo wa kienyeji, weupe. Nikamwomba mke wa mjomba kisu, nikaanza kukwangua. Nikakwangua manyoya yote meupe, yaliyochanganyika na kile kisufu kidogo kinachoota chini yake wakati wa baridi, nikashindilia katikati ya gunia, sufu nzuri chini na juu. Mke wa mjomba alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. "Sasa Yusta," akasema, "hayo unaenda kumvika nani?" "Wazungu," nikamwambia. "Maskini," akasema, "wana kosa gani," akaingia ndani. Mtu yeyote aliyekulia na kondoo, mtoto wa miaka sita, anajua manyoya yale hayashikani. Mimi nilijua. Nilijiambia nitayachanganya kidogo kidogo, hayataonekana.

Hayakuonekana kwenye kuchana, wala kwenye kusokota kwa sababu nilisokota mwenyewe, wala kwenye kufuma kwa sababu nilifuma mwenyewe, haraka, nikimwachia Veronika kukanda. Meza ndiyo ilijua. Siku ile alikanda kofia ya kwanza, akakanda, akaongeza maji, akasimama. "Yusta, hii haitaki." "Ongeza moto," nikasema. Akaongeza. Birika lilikuwa linatoa mvuke, aliyamimina maji yale na kuingiza mikono humo humo, akauma mdomo. "Haishikani. Shika hapa. Ni kama nakanda majani." Nikashika. Nikasema naona inaanza. Akanitazama. "Hii sufu ulichukua wapi?" "Juu, kama kawaida," nikasema. "Nyumba zote tatu?" "Zote tatu." Akainama akaendelea. Alikanda wiki mbili. Ngozi ya vifundo vya vidole ilitoka, akavifunga kitambaa, kitambaa kikalowa, akakitupa. Bi Rukia alikuwa anauguliwa na dada yake Katesh siku hizo, anakuja na kuondoka, na kila alipochungulia aliona kofia zimevalishwa vibuyu zimesimama mistari, nyeupe, zinapendeza. Zikiwa zimelowa zilidanganya vizuri.

Mama wa Arusha alikuja asubuhi, amevaa koti jeusi. Tulimpa chai na chapati. Alichukua kofia ya juu kabisa akaivaa, ikateremka mpaka puani. Akacheka, tukacheka sote. Akachukua ya pili, hiyo ilimkaa sawa, ya sufu ya nyumba ya kwanza. Ya tatu ikateremka tena, na alipoitoa bega la koti lilikuwa limejaa manyoya meupe kama amepita chini ya msufi. Hakucheka tena. Alivuta upande wa kofia kwa vidole viwili, ukaachia, mwanga ukaonekana. "Bi Rukia," akasema polepole, "mimi nitawapa watu hizi?" Bi Rukia alizichukua moja moja akaziweka mezani, nzuri upande huu, mbaya upande huu. Upande wa mbaya ulikuwa mrefu. Kisha akauliza, "Nani alikanda hizi?"

"Mimi," Veronika akasema.

"Zote?"

"Zote, Bi Rukia."

"Maji hayakuwa moto. Umezikanda kwa maji ya vuguvugu, mwanangu, ulikuwa unaogopa kuungua." Bi Rukia hakufoka. Alikuwa ametoka kuuguza, macho mekundu. "Nilikuamini nikaacha kuangalia." Veronika alifungua mdomo. Alinigeukia, mikono yake ile iliyochunika ameishika tumboni, na alinitazama kwa muda ambao mtu anaweza kuhesabu mpaka kumi. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa ananipa nafasi. Mimi nikaangalia jiko. Kulikuwa na kaa moja limepasuka, nikalisogeza kwa koleo. Bi Rukia alisema maneno mengine, siyakumbuki, na mwisho wake ulikuwa kwamba Veronika atafute mtu wa kumfuata.

Kaka yake alikuja baada ya siku tatu. Katika siku hizo tatu tulilala kitanda kilekile, tukala bakuli moja, na hakuniuliza tena habari ya nyumba tatu. Nimejiuliza kama alijua. Nadhani alijua. Alikulia na kondoo kama mimi. Labda alitaka niseme mwenyewe, na nilipokaa kimya akaona hakuna cha kugombania na mtu wa namna ile. Wakati anafunga vitu vyake kwenye kanga alisema, "Sasa utajinyoosha kitandani." Ndivyo alivyoniaga. Nikamsindikiza mpaka barabarani, nikambebea mzigo, na hata hapo nilikuwa na nafasi, kaka yake alikuwa mbele anaongea na dereva wa lori. Nikamwambia, "Wasalimie." Akaolewa Gitting kabla ya mavuno kwisha.

Mimi nikabaki. Nikawa fundi. Bi Rukia alinifundisha kukanda vizuri, na alipofariki chumba kile nilikiendesha mimi. Nimefundisha wasichana wengi, nimewaambia wote, sufu haisemi uongo, na nikisema hivyo nilikuwa naona haya lakini nikaendelea kusema kwa sababu walilipenda neno hilo. Veronika tulionana mara kwa mara, gulioni, harusini, mara moja alikuja na mtoto mgongoni kununua soksi na nikakataa asitoe kitu, akashukuru kama mteja yeyote. Mumewe hakuwa mbaya. Niliposikia hivyo nilipata nafuu, nikajiambia basi hakuna kilichoharibika. Kumbe pale kwake walimpa jina, na likakaa, na watoto wake wakakua wakilisikia likitajwa kila sufuria inapoungua.

Jioni ile ya msiba Magreth, binti yake mkubwa, alinikuta kwenye tangi la maji nikisuuza vikombe. Alikuwa na chupa mbili za chai kwapani. "Shikamoo mama mdogo. Asante kwa kuja." "Marahaba mwanangu. Pole." Nikamwambia akae kidogo, akasema hawezi, kuna wageni, nikamwambia hivyohivyo, amesimama. Nilimwambia gunia, ngozi za mjomba, wiki mbili za kukanda, jiko nililoliangalia. Hakuketi na hakuondoka. Nilipomaliza akaweka chupa zile juu ya tangi.

"Haya ungemwambia yeye," akasema.

"Najua."

"Alilazwa Haydom wiki tatu. Toka Dongobesh siyo mbali."

"Nilikwenda mara mbili."

"Mkaongea nini?"

"Mahindi," nikasema. "Tuliongea habari za mahindi."

Kisha akasema, "Mimi si wa kukusamehe, mama mdogo. Sina hiyo kazi." Alifuta mikono kwenye kitenge. "Unajua mdogo wangu akiwa na miaka minane alimwita fundi mbele ya wageni? Mama alicheka. Akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nilimfuata, nikamkuta anajitazama mikono." Hakulia aliposema hivyo, alikuwa amechoka kama mimi. "Shangazi zangu wote wako ndani sasa hivi. Kesho wanatawanyika, kila mtu kwake. Ingia ukawaambie."

"Leo?"

"Kesho utamwambia nani?"

Akachukua chupa zake akatangulia, na sikuona njia ya kufanya isipokuwa kumfuata. Ndani waliketi kwenye mikeka kuzunguka kuta zote, wengine wamelaza watoto, sahani zimeshaondolewa. Tereza alikuwa kona ya mbali, miguu ameinyoosha. Niliamkia wakubwa, shikamoo, nikaitikiwa, na Magreth akasema mama huyu wa Dongobesh ana neno. Nikabaki nimepiga magoti karibu na mlango. Nikasema jina langu, nikasema nilikuwa na Veronika kwa Bi Rukia, nikasema kazi iliyomfukuzisha. Sauti yangu niliisikia mwenyewe, ndogo, kama ya mtu anayeomba chumvi. Waliokuwa karibu yangu waliacha kuongea. Mmoja akashika mdomo.

"Mama," Tereza akasema kutoka kule kona, "sema kwa nguvu. Huku hatusikii."

Nje wanaume walikuwa wamekaa motoni, na mmoja wao akaja kusimama mlangoni. Nikashika ukuta nikasimama, nikaanza upya tangu mwanzo, kwa sauti ya kufika mpaka uani: mimi ni Yusta, na kazi ile niliiharibu mimi.